Kwetu Bia Haigongwi

Wanasema mimi ni bibi mwenye kiburi. Wacha waseme, mdomo ni mali ya mwenyewe. Siku ile wakwe walipokuja hapa nyumbani, mtaa wa Mangobo, kumposa mjukuu wangu Ilona, baba wa bwana harusi alisimama mbele ya watu wote na chupa yake ya bia, akaninyoshea ili tugonge. Nikaiacha pale hewani. Yangu nikaiweka chini, karibu na miguu. Nilimshika mkono, nikamwambia karibu, nikamchekea kwa meno yote niliyobakiwa nayo. Lakini kugonga, sikugonga. Tangu hapo maneno hayaishi. Wengine wanasema nimewatupia watoto laana, wengine eti nimewaona wakwe si watu.

Harusi ni kesho. Mwanangu Jeanne, mama yake Ilona, ameingia jikoni asubuhi hii na kunisemesha kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto anayekataa dawa.

"Mama, kesho tu. Gonga mara moja, inaisha. Ile mambo yako ya zamani, batu hawaijue."

Nilikuwa nayeyusha chokoleti ya keki, na chokoleti ukiipa mgongo ili ugombane na mtu, inaungua. Niliinama juu ya bakuli, mvuke ukanipanda puani pamoja na harufu yake, na mara moja nikawa mtoto tena, kwenye uwanja wetu karibu na maporomoko ya mto, tonton Gaspard, baba yangu mdogo, amekaa juu ya kinu na mimi nimekaa juu ya mguu wake. Hawaijui, sawa. Basi nitaisema, mara moja, mbele yake na mbele yenu nyote, ili asiwepo tena wa kuniambia hajui.

Papa alikuwa Mgenya, na sisi Wagenya tunavua pale ambapo mtu mwenye akili zake hasogei. Miti mikubwa imesimikwa kati ya mawe, imefungwa kwa kamba za porini, na wanaume wanatembea juu yake bila kushika kitu, wanashusha vikapu vikubwa katikati ya povu. Maji yalinguruma usiku na mchana. Watoto wa kwetu tulijifunza kusema kwa sauti kubwa kabla ya kujifunza kusema vizuri, na mimi mpaka leo watu wananiuliza nagombana na nani.

Tonton Gaspard, mdogo wake papa, ndiye pekee aliyeyakataa maji. Alienda Bengamisa, akapata kazi kwenye shamba la kakao la wazungu. Alikuwa akirudi nyumbani na harufu kali ya mbegu zilizochachuka, hata mama akawa anaanika nguo zake mbali na zetu. Nilimpenda kuliko papa, na papa alijua, na hakukasirika, kwa sababu yeye pia alimpenda kuliko ndugu zake wote.

Wazungu wa mjini walituma maboyi wao kununua samaki. Madame Ilona alikuja mwenyewe, kwa miguu, na kikapu mkononi na kofia ya majani iliyokatika ukingo. Alikuwa na duka dogo la mikate na keki mjini. Kwao ni Hungaria, nchi ambayo papa alidhani ni mtaa mmoja wa Ubelgiji mpaka siku ile alipomwambia hivyo na yule mama akatupa chini samaki mzima, kapitene mkubwa, kwa hasira. Alituambia kwamba kwao watu walisimama kudai nchi yao, vifaru vya Warusi vikaingia mjini, na mumewe akafa barabarani. Yeye akakimbia. Namna alivyofika Kisangani sikuwahi kuielewa. Kwa mtoto, watu wakubwa huwa wamefika tu.

Alichotaka kwetu kwanza ni samaki, halafu akataka na moto. Nyumba yake ya mjini ilikuwa na jiko la umeme, na kuna supu ya kwao ya wavuvi ambayo alisema haikubali umeme hata kidogo. Akaja na chungu cha chuma chenye mkono, akakitundika kwenye miti mitatu juu ya moto wetu. Vitunguu, vichwa vya samaki, minofu, maji, na unga mwekundu kutoka kwenye kopo alilolishika kama mtu anavyoshika pesa za kanisa. Kisha akakaa. Hakukoroga.

"Madame, ukoroge, itashika chini," mama akamwambia.

"Hapana koroga. Ukikoroga, samaki inavunjika. Kutikisa tu." Akashika mkono wa chungu, akakizungusha kidogo, kushoto, kulia, akakiacha.

Mama akanigeukia, na kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini akasema, "Huyu iko anapika ao iko anangoja?"

Halafu akataka kuonja ule unga mwekundu. Alijipa kijiko kizima, kwa sababu hakutaka mzungu amwone anaogopa pilipili, akafumba macho kungoja moto. Tukamtazama sote. Moto haukuja. Akafumbua jicho moja, akauliza, "Pilipili haiwashe, sasa iko ya kazi gani?" Madame Ilona alicheka mpaka kofia ikaanguka. Tangu siku ile mama akaacha kumwita Madame, akawa anamwita yaya Ilona, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Mimi niliila ile supu na kwanga ya muhogo, nikalamba sahani.

Nyumbani kwake, juu ya kabati, alikuwa na chupa moja ya divai, fupi, ya rangi ya asali. Aliipangusa vumbi kila Jumapili na kuisemesha polepole katika lugha ya kwao. Kwa kuwa mumewe alikufa na hatukuona kaburi, mimi niliamua kwamba mumewe yumo ndani ya ile chupa, na kila nilipoingia niliisalimia kwa heshima, bonjour papa. Hakuna aliyenisahihisha kwa muda mrefu. Ukweli nilielezwa baadaye na tonton: ni divai tamu ya milima ya kwao, alitoka nayo akikimbia, ameiwekea siku nchi yake itakapokuwa huru.

"Yetu itatangulia," tonton akamwambia. Wakati ule uhuru ulikuwa unasemwa kila mahali, sokoni, kanisani, hata kwenye pirogi, mitumbwi yetu.

"Iko vizuri. Itangulie," akajibu.

Siku ya chokoleti naikumbuka kuliko siku ya komunio yangu. Madame Ilona alitaka kumfundisha mama ile keki ya kwao ya tabaka nyembamba, kila tabaka na chokoleti yake. Akaja na vipande vilivyofungwa katika karatasi ya kung'aa, vilivyotoka Ulaya kwa meli. Akaweka sufuria ya maji motoni, juu yake bakuli, chini ya bakuli maji yasiguse. Mvuke peke yake ndio ufanye kazi. Alipangusa bakuli, akapangusa mwiko, akapangusa na vidole vya mama.

"Chokoleti haitaki maji. Tone moja tu, inakufa."

Na kwetu, kwenye joto lile, mtu hapiki bila kutoka jasho. Mama alikuwa akikoroga polepole, kipaji cha uso kikimeta, na tone likaanguka kutoka puani mwake. Mbele ya macho yetu chokoleti iliyokuwa inateleza ikajikunja, ikawa udongo wa mabonge. Mama alidhani ni uchawi. Bakuli la pili mama alilikoroga mimi nimesimama nyuma yake na kitambaa, kazi yangu kumpangusa uso.

Tonton Gaspard alifika wakati huo kutoka Bengamisa. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Hii ni nini?"

"Ni kakao yako," Madame Ilona akamwambia.

Lazima mjue, miaka yote aliyobeba yale magunia hakuwahi kuambiwa mbegu zinaenda kufanya nini. Kule shambani waliambiana kwamba ni za dawa ya malaria, wengine walisema ni rangi ya kupaka meli. Mbegu zenyewe ni chungu, na kiongozi wa shamba alikuwa akimchapa aliyeonekana anatafuna. Madame Ilona akachovya kijiko, akampa. Tonton akakiweka mdomoni, akakaa nacho. Mimi nilingoja acheke. Hakucheka. Alikitoa kijiko, akakiangalia pande zote, halafu akasema taratibu:

"Kumbe ndiyo hii walikuwa wanatuficha."

Akatoka nje, na nilimwona amesimama anautazama mto na mikono kiunoni. Tangu siku ile kila alipokuja alileta mbegu kwenye mifuko ya suruali, kwa wizi. Mama na Madame Ilona walizikaanga, wakazitwanga kwenye kinu na sukari mpaka ikatoka kitu cheusi chenye chembechembe, kinachokwaruza ulimi. Haikufika hata robo ya ile ya karatasi ya kung'aa. Tonton aliila kwa fujo, akasema hii ndiyo chokoleti, ile nyingine ni mwizi wake.

Uhuru ukafika. Uwanja wetu ulijaa watu, viti viliazimwa mpaka kanisani. Papa alimwaga bia kidogo chini kwa ajili ya mababu, kama kawaida, halafu wanaume wakaanza kugonga chupa, kila mmoja na kila mmoja. Tonton alikuwa amevaa tai. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa Madame Ilona, ambaye naye alikuwa na chupa mkononi, akanyosha yake.

"Yaya Ilona. Indépendance."

Yeye akairudisha chupa yake kifuani. "Bia, hapana," akasema.

Mkono wa tonton ulibaki palepale. Jirani yetu, papa Zefirini, mtu wa maneno, akacheka. "Munaona? Chokoleti atakupatia, mais kugonga na mutu mweusi, hapana."

Nilikimbia mpaka kwenye mawe ya mto. Nilikaa pale na gauni langu jipya, nikaamua kumchukia. Siku ya uhuru wetu, mbele ya watu, kumfanyia vile tonton wangu. Nilikula kiapo cha kutogusa tena kitu chake chochote cha kuliwa, na nilikishika siku kadhaa, jambo ambalo kwa mtoto mwenye ulafi wangu ni vita kamili.

Kwa kuwa nilikimbia, sikusikia yaliyofuata, na hakuna aliyefikiri kumweleza mtoto. Mama ndiye aliyenisimulia nilipokuwa mkubwa. Madame Ilona alimfuata tonton nyuma ya nyumba, akakaa juu ya kinu, akamwambia sababu. Zamani sana, mababu zake waliasi dhidi ya kaizari wa jirani aliyewatawala. Wakashindwa. Wakubwa wa jeshi lao wakauawa wote siku moja, na waliowaua wakakaa mezani wakagonganisha vikombe vya bia kufurahia. Watu wa Hungaria wakaapa: bia tutakunywa, lakini kuigonga, kamwe. Waliapa kwa muda fulani, muda huo leo umekwisha kupita, na bado hawagongi.

Tonton alifikiri, akauliza, "Na divai?"

"Divai tunagonga. Na unaangalia mutu ndani ya macho."

"Bon," tonton akasema. Akakaa chini karibu naye, wakanywa bia zao bila kugusanisha chupa. Na ndivyo walivyokuwa wakinywa siku zote baada ya pale. Mimi niliwaona, sikujua lolote, nikaona jambo baya zaidi: tonton amekubali kudharauliwa. Nilimwonea haya. Nilimkasirikia yeye sasa, si mzungu peke yake.

Ninyi wa rika langu hamhitaji niwaeleze jinsi uhuru ulivyoharibika. Kule Bengamisa wakubwa walibadilika rangi, magunia yakabaki uzito uleule, kisha hata mshahara ukakoma. Vijana walipoiasi serikali, tonton Gaspard alikwenda nao. Alirudi na ngozi ya mnyama kichwani na chale za dawa kwenye kipaji, pale waganga walipochanja ili risasi zigeuke maji. Mama alilia. Papa alienda kusuka kikapu chake. Sitasema waasi walikuwa malaika, nami niliyaona niliyoyaona katika mji huu. Nasema tu kwamba tonton wangu hakuzaliwa mwasi. Alionja chokoleti.

Wazungu walipoanza kukusanywa na waasi, tonton alimtoa Madame Ilona mjini mchana kweupe, akamleta kwetu na chungu chake cha chuma na ile chupa yake ya divai. Wenzake walipokuja kumuuliza, aliwasimamia mlangoni. "Huyu haiko Mubelgiji. Kwao pia waliasi. Kama munamutaka, mupite juu yangu." Hawakupita. Madame Ilona alikaa nasi, akilala kitanda kimoja na mimi, na miguu yake ilikuwa baridi hata kwenye joto. Nililala nimempa mgongo.

Halafu jeshi la serikali likarudi. Ndege zikapita juu, risasi zikalia toka uwanja wa ndege mpaka mtoni, na mji ukapata mabwana wengine. Wanaume wengi wa kwetu walivuka na pirogi kwenda ng'ambo, papa pia. Tonton alikataa kuvuka, alisema hataacha wanawake peke yao. Ngozi aliichoma. Chale za kipaji hazichomwi. Askari waliingia uwanjani, wakamvua kofia, wakaona walichokuwa wanatafuta, wakamfunga mikono kwa kamba ya mtego wa papa.

Madame Ilona hakungoja. Alivaa kofia yake, akamshika mama mkono, mama akanishika mimi, tukawafuata. Mkubwa wa wale askari alikuwa amekaa kwenye baraza la duka moja karibu na maji, makreti ya bia yamepangwa nyuma yake. Sitasema alikuwa wa rangi gani. Waliorudi walikuwa wa rangi zote mbili na bia waliinywa pamoja. Wanaume waliokamatwa walikuwa wamekaa chini kwenye jua. Papa Zefirini alikuwa miongoni mwao, lakini yeye amefunguliwa mikono, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa akiwaimbia askari nyimbo na kugonga chupa na kila anayepita. Alikuwa anacheza, maskini, na jasho linamtoka.

Madame Ilona alimwonyesha tonton, akasema kwa Kifaransa, "Huyu aliniokoa. Kama si yeye nisingekuwa hai. Nipeni, nirudi naye nyumbani."

Yule mkubwa alifurahi sana kumwona. Alisimama, akampa kiti, akamwambia ameteseka vya kutosha. Akafungua bia mbili, moja akamtia mkononi. "Kwanza tugonge, Madame. Kwa ushindi. Halafu tutazungumza habari za boyi wako."

Nilimjua huyu mwanamke: hagongi. Alikataa kugonga na sisi siku ya uhuru, sasa atakataa hapa pia kwa kiburi chake, na tonton wangu atakufa kwa sababu yake. Nilimvuta gauni kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Gonga. Gonga, Madame."

Aliniangalia. Uso wake ulikuwa mweupe mpaka midomoni. Halafu akainua chupa. Aliinua kweli, nawaapia, na ile ya mkubwa ikaja kukutana nayo, zikabakiza nafasi ya kidole.

"Yaya Ilona," tonton akasema kutoka pale chini. Hakupaza sauti, lakini sisi wa maporomoko tunajua kusikiana. "Wacha. Bia hatugongi."

Hatugongi. Hakusema "hugongi". Hapo ndipo nilipojua, kabla hata sijaelezwa sababu, kwamba siku zote zile hawakuwa wamegombana, na hakuna aliyekuwa amemdharau mwenzake. Lilikuwa jambo lao wote wawili, na mimi ndiye niliyekuwa nje.

Mkubwa aliuliza amesema nini. Askari mmoja akamfasiria. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Tonton akaongeza, "Mwambie anywe peke yake."

Madame Ilona aliishusha ile chupa. Akaigeuza, akaimwaga bia yote ardhini, polepole, kama alivyomwona papa akiwamwagia mababu, mpaka ikaisha. Akaiweka chupa tupu mezani mbele ya yule mtu. Yeye akafanya ishara kwa vidole, na wale waliokaa chini wakapandishwa kwenye kamyo, lori lao. Wote. Papa Zefirini alipandishwa pia, chupa ya kugongea bado iko mkononi, akigeuka huku na huku akitafuta yule aliyegonga naye asubuhi amtetee. Kamyo likaenda upande wa daraja la Tshopo. Miili hatukupewa, mto ndio uliopewa.

Mama alipiga yowe ambalo nililisikia juu ya maporomoko. Na wakati wa matanga hakumsemesha Madame Ilona hata neno. Alimwacha akae peke yake kwenye kona ya uwanja, na kila aliyefika kutoa pole alimwambia, bila kupunguza sauti, "Mulio moja tu ya chupa. Moja tu. Alishindwa kumwokoa mutoto ya batu kwa mulio moja." Papa alikuwa amerudi kutoka ng'ambo, hakumzuia. Mimi nilikuwa kati yao na sikujua nimshike nani.

Ndipo akaja mjane wa papa Zefirini. Aliingia na kikwembe cha kitenge kichwani, akakaa karibu na mama kwenye mkeka, akasikiliza yale maneno mpaka mwisho. Halafu akasema, "Bwana yangu aligonga, yaya. Aligonga na bote."

Mama akajisogeza, akapiga mkeka kwa kiganja, na kumwita yule aliyekuwa konani, "Yaya Ilona, kuja hapa." Hawakuachana tena mpaka kifo.

Siku ya kumaliza matanga Madame Ilona alitoa mbegu za mwisho alizoleta tonton mifukoni. Wakazikaanga, wakazitwanga, wakaziweka kwenye bakuli juu ya mvuke. Mama alikuwa anakoroga, machozi yakaanza kumshuka mpaka kidevuni. Madame Ilona akamsukuma kwa kiuno. "Ondoka. Lia kule. Chokoleti haitaki maji." Mama alimwangalia kwa mshangao, kisha akacheka, akalia na kucheka pamoja, na mimi nikachukua kitambaa changu, nikasimama nyuma yake kufanya kazi yangu.

Akaleta ile chupa ya rangi ya asali. Papa akamwambia, "Madame, hapana. Ulisema siku ya nchi yako."

"Gaspard hakungoja," akajibu. "Mimi iko nangoja nini?"

Akaifungua. Akatutilia kila mtu, hata mimi, kwenye vikombe vya bati, na mjane wa papa Zefirini pia. Tulichukua ile chokoleti chungu yenye chembe kwenye ulimi, tukagonga divai, na alituonyesha namna ya kumwangalia mtu ndani ya macho mpaka kikombe kifike mdomoni. Ilipofika zamu yangu naye, sikugeuza uso. Ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kuonja, na ilinichoma mpaka tumboni.

Madame Ilona alizeeka hapa na amezikwa hapa, mimi ndiye ninayepalilia. Nchi yake ilipopata uhuru wake nilisikia redioni, nikatafuta divai mjini mzima, nikapata mbaya, nikaenda kugonga nayo kwenye msalaba wake. Mama yeye alikufa bila kugonga bia tena na mtu yeyote. Papa vilevile. Na mtoto wa mwanangu aliitwa Ilona kwa sababu mimi nilitaka.

Basi Jeanne, umesimama hapo mlangoni muda wote huu na bakuli langu halijafa. Hilo ndilo jibu. Kesho nitavaa kikwembe kipya, nitacheza mpaka magoti yakatae, na keki nitaikata mwenyewe. Mkwe akinyosha glasi ya divai, nitagonga naye na nitamwangalia ndani ya macho mpaka aone haya. Akinyosha bia, yangu naiweka chini mbele ya watu, kama siku ya posa. Na atakayekasirika, njia anaijua: ashuke mtoni, amwambie tonton Gaspard kwamba ilikuwa chupa tu.